Mrejesho: damu 7.6 baada ya kujifungua

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza mwezi wa sita kuhusu damu (kipimo cha hemoglobini, g/dL) kushuka hadi 7.6 baada ya kujifungua, nikiinuka kumwogesha mtoto naona giza. Asanteni sana mlionijibu, hasa dada nesi aliyeniambia niache kumezea vidonge vya chuma kwa chai ya maziwa, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kumbe ndipo nilipokuwa nakosea! Nikahamia juisi ya machungwa, chai nasubiri masaa mawili.

Wiki ya pili nilishindwa, nisiwafiche. Kichefuchefu, choo kigumu na cheusi kama lami; nikaviacha siku tano. Kliniki wakaniambia weusi ule ni kawaida, wakanipangia kidonge leo, kesho napumzika, na nimeze nikiwa nimekula kidogo. Hapo nikaweza.

Juisi ya bitiruti nimekunywa mpaka mume wangu akalalamikia bei, sikuona tofauti. Maini na dagaa nakula, na matembele nayakamulia ndimu.

Baada ya wiki saba nimepima: 10.5. Bado 12, kiwango cha kawaida, sijaifikia, ila giza limeisha na ngazi napanda na mtoto mgongoni. Vidonge naendelea navyo. Wamesema hata damu ikikaa sawa nisiache kwa miezi mitatu. Na kaka aliyenishauri niongezewe damu: daktari alisema kwa hali yangu, kwa kuwa sivuji tena, haikuhitajika.