Niliapa kwa jina la Mungu kwa uongo, sasa "jina lako litukuzwe" inanishinda kutamka. Naombeni ushauri

Wapendwa habari za muda huu, mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Miezi kama minne iliyopita kazini hela ilipungua kwenye hesabu. Aliyekosea ni mimi, nilimrudishia mteja chenji kubwa kuliko alivyostahili nikaja kugundua baadae nikanyamaza. Bosi alivyotuita mmoja mmoja nikaogopa, nikasema "haki ya Mungu mimi sijui chochote", na alivyozidi kunitazama nikaongeza "naapa kwa jina la Mungu". Akaniamini palepale kwasababu anajua mimi ni mtu wa kanisa. Aliyekatwa mshahara ni mwenzangu wa shifti ile.

Nikajipa moyo kwamba ni maneno tu, kila mtu anasema haki ya Mungu. Sasa wiki iliyopita mwanangu wa miaka sita kavunja kitu ndani, nimemuona kwa macho yangu, namuuliza ananitazama usoni kabisa anasema "haki ya Mungu mama sio mimi". Nilikosa nguvu nikakaa chini. Tangu siku ile tukisali Baba Yetu nikifika "jina lako litukuzwe" nanyamaza, nawasubiri wenzangu waivuke ndio naingilia kwenye "ufalme wako uje".

Nimesoma Kutoka 20:7 pale panaposema hatamhesabia kuwa hana hatia alitajaye jina lake bure, nikafunga Biblia. Je nimekufuru, hii ndio ile dhambi isiyosameheka? Na nikitubu kimyakimya mimi na Mungu wangu inatosha?

mteule_01: Pole sana dada. Soma 1 Yohana 1:9, tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Tubu, songa mbele, usijitese.

Fundi_wa_Neno: Mteule hapo umemkimbiza dada wa watu. Msamaha upo, hilo sibishi, na dhambi isiyosameheka sio hii, ile ya Mathayo 12 Yesu ameisema wazi ni kumkufuru Roho Mtakatifu. Petro mwenyewe alimkana Yesu kwa kiapo, sio kwa neno tu, Mathayo 26:72, na bado akarudishwa akapewa kondoo alishe. Kwahiyo dada hofu hiyo iweke chini.

Ila fungua Walawi 6 mstari wa 1 mpaka wa 7, kesi yako iko pale kama vile umeiandika wewe. Mtu amemdhulumu mwenzake kisha akaapa uongo. Anaambiwa arudishe chote kamili, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe mali siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia, ndipo kuhani amfanyie upatanisho. Mwenzako kwanza. Na Yesu hakulegeza hapo, Mathayo 5:23 anasema acha sadaka yako mbele ya madhabahu uende ukapatane na ndugu yako kwanza. Kiapo chako kilimgusa Mungu na mshahara wa mtu kwa pamoja, huwezi kutengeneza upande mmoja ukauacha mwingine.

Mlinzi wa Zamu: Mi naona mnakuza jambo. Mungu ni cheo sio jina, jina lake ni Yahwe, dada hajalitaja popote.

Fundi_wa_Neno: Mkuu mlango huo ulishafungwa zamani. Mathayo 5:34 Yesu anakataza kuapa hata kwa mbingu, kwa nchi, kwa Yerusalemu, na sura ya 23 anawakemea waliosema ukiapa kwa hekalu si kitu ila ukiapa kwa dhahabu ya hekalu umejifunga. Kutafuta neno jepesi la kuapia ndio kitu chenyewe alichokikataa.

binti_sayuni: Naomba niongeze kidogo kuhusu jina maana ndio mzizi wa hii mada. Kwenye Biblia zetu ukiona BWANA kwa herufi kubwa, pale Kiebrania kina zile herufi nne, YHWH, zaidi ya mara 6,800 kwenye Agano la Kale. Wayahudi kwa heshima wakifika hapo hawalitamki, wanasoma Adonai, yaani Bwana. Sasa ile amri, neno la Kiebrania pale ni la kuinua au kubeba, yaani usilibebe jina lake bure. Na Hesabu 6:27 baada ya baraka za makuhani Mungu anasema ndivyo watakavyoliweka jina langu juu ya wana wa Israeli. Limewekwa juu yao, wanatembea nalo.

Dada rudia ulivyoandika mwenyewe, bosi alikuamini KWASABABU wewe ni mtu wa kanisa. Aliliamini jina ulilolibeba. Ezekieli 36 Mungu anasema jina lake limetiwa unajisi kati ya mataifa na watu wake, halafu anasema atalitakasa yeye mwenyewe. Mimi hiyo ndio hunipa nguvu. Kwahiyo usiiruke ile sentensi kwenye Baba Yetu, ni ombi ile, unamwomba yeye alitukuze pale sisi tulipolichafua. Wewe ndio unaihitaji kuliko sisi wote humu.

mama_wawili: Mtoto usimchape kwa hili. Mwambie ukweli wako kwanza. Na haki ya Mungu itoke nyumbani kwenu kabisa, ndiyo iwe ndiyo.

Mleta mada: Nimewasoma wote Mungu awabariki, ile Walawi 6 nimeisoma mara tatu. Jioni hii nimempigia mwenzangu nikamwambia yote. Alikaa kimya muda mrefu halafu akauliza "ulijua tangu siku ile?" Nikasema ndio. Akakata simu. Kesho asubuhi naingia kwa bosi, na hela yote aliyokatwa ninayo pamoja na ile sehemu ya tano juu.

Mwanangu nimemwambia mama naye alidanganya kwa jina la Mungu. Akaniuliza, "kwahiyo Mungu amekukasirikia?" Nimemwambia nitamjibu kesho. Mama_wawili na wengine wenye watoto, mngemjibuje?