Kihispania chuoni: karatasini tunafaulu, mdomoni tunakwama

Mwanafunzi wa utalii, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Niko mwaka wa pili wa diploma ya utalii katika chuo kimoja hapa Kisumu, na Kihispania ni somo letu la lazima. Vitenzi tunavikariri kwa majedwali na mitihani tunapita, lakini nikitakiwa kumweleza mtu jambo dogo tu, ulimi unaganda. Je, kuna aliyewahi kufundishwa lugha hii kwa vitendo, na sarufi haikupotea njiani?

Mwalimu, Nakuru
Mwanangu, sarufi haipotei. Hupata mahali pa kushika. Mimi huwapikisha wanafunzi wangu tortilla ya Uhispania, ambayo si chapati bali ni mayai, viazi na kitunguu, na viazi huku kwetu havina shida kupatikana. Mmoja huamuru, mwenzake hutenda. Viazi ni "las patatas", kwa hiyo anayeamuru husema "pélalas", yaani vimenye. Kitunguu ni "la cebolla", naye husema "córtala", yaani kikate. Mayai ni "los huevos", basi "bátelos", yapige. Hapo ndipo wanapogundua wenyewe kwamba -las, -la na -los zinafanya kazi ya vi-, ki- na ya- zetu, isipokuwa katika kuamuru Kihispania huzibandika mwishoni mwa kitenzi. Jambo hilo nililifundisha ubaoni kwa miaka mingi, na halikuwahi kushikwa namna hiyo.

Niliyehitimu, Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu, ila jiko peke yake hutoa watu wanaojua kuamrisha tu. Sisi kesho yake tulisimama mmoja mmoja, bila daftari, tukasimulia tulichofanya: "las pelé", nilivimenya. Tazama, sasa "las" inatangulia kitenzi, kama vi- inavyotangulia mzizi. Kusimulia huko ndiko kulikonifungua mdomo. Matamshi yasikutishe, kwa kuwa irabu zao ni tano kama zetu. Angalia tu "pero" (lakini) na "perro" (mbwa), ambalo r yake hutetemeshwa.

Mwanafunzi wa utalii, Kisumu
Asanteni sana. Mwalimu, chuo chetu hakina jiko ambalo darasa letu linaweza kutumia. Yawezekana bila moto?

Mwalimu, Nakuru
Yawezekana. Tengenezeni kachumbari. Nyanya ni "los tomates", basi "lávalos", zioshe, kisha "córtalos", zikate. Bakuli tatu na visu vitatu vinatosha kuanzia Jumatatu.