Simu za IP ofisini Mtwara: kukodi seva mtandaoni, UCM au FreePBX?

Mzee_wa_Ghala
Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu ipo Shangani, ina simu za IP (zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta) za Yealink 16, na ghala la Masasi lina 3. Msimu wa korosho unakaribia, bosi anataka wateja wapige namba moja kisha waunganishwe. Nimeletewa njia tatu: kukodi seva mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi, kununua Grandstream UCM (kiboksi cha kuunganisha simu), au kompyuta ya zamani niiwekee FreePBX, programu ya kazi hiyohiyo. Ipi haitaniumbua wakati wa minada?

Kuchele_Fundi
Seva iwe ndani ya ofisi. Unakumbuka Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika? Mwenye seva Ulaya, siku kama ile hata wa chumba cha pili humpati vizuri, kwa sababu simu inaanza kuulizia huko. Seva ikiwa kwako, intaneti ikizima mnaendelea kupigiana wenyewe kwa wenyewe.

Msafiri_Newala
Mimi nakataa kidogo. Kama hamna fundi na watu wenu wako njiani muda wote, kodisha, waweke programu kwenye simu za mkononi, basi.

Dada_wa_Swichi
Watu wa njiani hata UCM inawapokea. Ndani yake ni programu ya simu ya Asterisk, ileile iliyo ndani ya FreePBX, ila kwenye UCM imeshasakinishwa tayari, na Zero Config yake (sehemu ya kupanga simu) inaziona simu za kwenye mtandao huohuo. FreePBX ni bure, lakini Endpoint Manager, ile moduli ya kupanga simu, ni ya kulipia. Swali langu mzee: ukihama kazi, nani ataitunza hiyo kompyuta?

Mzee_wa_Ghala
Hapo dada umenigusa. Lakini lazima nizunguke meza kwa meza kuingiza namba?

Kuchele_Fundi
Hapana mkuu. Seva ipe anwani isiyobadilika. Kwenye DHCP ya routa (inayogawa anwani), option 66, yaani sehemu ya kuiambia simu ikachukue wapi mipangilio, iandike ielekee kwenye seva yenye mafaili. Yealink ikiwaka inatafuta faili lenye jina la MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa) kwa herufi ndogo, mfano `001565ab12cd.cfg`. Seva ya Linux inatofautisha herufi, ukiandika kubwa simu itapita kama haijaona kitu. Ndani yake:

```
#!version:1.0.0.1
account.1.enable = 1
account.1.user_name = 201
account.1.auth_name = 201
account.1.password = (ndefu, ngumu kubahatisha)
account.1.sip_server.1.address = 192.168.10.5
```

Paswedi isiwe 201 kama namba yenyewe, tafadhali. Wezi wanazunguka mtandaoni wakigonga poti 5060, mlango wa simu za IP, usiku kucha. Wakiingia wanapiga nchi za mbali, bili inakuja kwa bosi wako.

Lindi_Kwetu
Masasi ndiko kutakakokusumbua. Kuna ofisi hapa Lindi simu ilikuwa inaita vizuri, ukipokea unamsikia mwenzio, yeye hakusikii. Mchawi alikuwa SIP ALG, kipengele cha routa kinachogeuza ujumbe wa simu. Kwenye routa ya MikroTik nenda IP, Firewall, Service Ports, zima `sip`. Halafu usiianike seva hadharani: unganisha ofisi mbili kwa WireGuard (njia ya siri ndani ya intaneti), ipo kuanzia RouterOS 7, programu ya MikroTik. Simu za Masasi zijisajili kupitia humo, kana kwamba ziko Shangani.

Mzee_wa_Ghala
Intaneti ya Masasi ni ya kusuasua. Itabeba?

Lindi_Kwetu
Inategemea njia ya kufunga sauti: G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwa simu moja, G.729 kama 31. Simu 3 zikiongea pamoja kwa G.711 ni 261, ongeza kidogo cha WireGuard. Anza na G.711, sauti ni safi. Ikikwaruza, shusha za Masasi peke yake.

Dada_wa_Swichi
Na swichi iwe ya PoE (inayopeleka umeme kwa waya wa mtandao), uiweke kwenye UPS moja na seva na routa. Umeme ukikatika simu zote za mezani zinabaki hai bila adapta.

Mzee_wa_Ghala
Nachukua UCM. Kesho naanza na mafaili ya simu mbili za mapokezi, zikikubali nitaziendea nyingine.

Kuchele_Fundi
Nakili MAC zote nyuma ya simu kabla hujazitundika ukutani.