Kuna mtu ashajaribu kuchoma nyama na gesi ya kuchomelea?

Mkali_wa_Mageti
Wakuu habari za mchana, mimi ni fundi mageti hapa Majengo Moshi, juzi umeme ukakatika tukawa tumekaa tu na njaa, nikasema ngoja nijaribu, nikachomeka kipande cha nyama ya ng'ombe kwenye nondo nikawasha gesi, ile mitungi miwili ya oksijeni na asetilini. Aisee haikufika dakika, nje mkaa mtupu ndani damu inachuruzika, afu inanuka kama kibatari. Nipunguze oksijeni au nisogeze mbali?

(Dogo wa kazini alikula kile kipande chote, msinitukane.)

chuga_mwenyewe
Mkaa wa buku umekushinda mkuu unachoma na gesi ya bei ile 😂😂

BabaWawili
Mdogo wangu ukipunguza oksijeni ndo unaharibu kabisa, asetilini ikikosa hewa inatoa masizi, hiyo ndo harufu yako ya kibatari. Ule moto unapita nyuzi 3,000, na nyama inaanza kuwa kahawia kwenye 140 tu, ndani ikifika 70 imeiva, sasa joto litaingia saa ngapi wakati juu pameshakuwa majivu?

Ila mimi naogopa zaidi hiyo nondo. Isije ikawa na zinki, ile inayopakwa chuma kisishike kutu, maana zinki kwenye nyuzi 907 inachemka inakuwa moshi mweupe. Niliuvuta nikichomelea bomba la maji, usiku natetemeka kifua kimebana, nikaenda kupima malaria hakuna kitu, kesho yake jioni nikawa mzima. Na maziwa tunayokunywaga mafundi hayazuii, mimi siku hiyo nilikunywa lita nzima.

mama_supu
Mwanangu huku Kiboriloni kichwa na kwato za mbuzi tunababua na moto wa gesi ya kupikia, manyoya yakiisha unakwangua na kisu, unaosha, afu inatokota masaa matatu. Moto mkali ni wa manyoya, wa kuivisha ni ule wa polepole. Dogo tumbo halijamsokota?

Mkali_wa_Mageti
Shikamoo mama, dogo mzima kabisa. Nondo ilikuwa ile nyeusi ya kawaida. Leo nimechemsha nyama kwanza na chumvi na tangawizi, ikaiva, ndo nikaipitishia moto wa gesi ya kupikia juu juu, mafuta yakalia chwaaa, imekauka safi. Dogo anasema ya juzi ilikuwa tamu zaidi.