Ubongo hutumia wati 20 tu. Kwa nini chipu za akili mnemba zihitaji mamia?

Mwanafunzi_Saketi aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninasoma uhandisi wa elektroniki, na kwa ajili ya mradi wangu wa mwisho nimekuwa nikifuatilia habari za chipu zinazoiga ubongo. Ubongo wa binadamu, wenye nyuroni (yaani seli za neva) zipatazo bilioni 86, hutumia takriban wati 20, ilhali GPU moja (chipu inayofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja) ya aina ya H100 inaweza kula hadi wati 700, na vituo vya kufunza mifumo ya akili mnemba huwa na maelfu ya GPU za namna hiyo. Tofauti hiyo inatokana na nini hasa? Je, transista zetu, yaani swichi ndogo sana za ndani ya chipu, ni duni kuliko seli za neva, au tatizo liko katika namna tunavyozipanga? Nakusudia kubuni kifaa cha kukaa msituni, kitakachotambua mlio wa msumeno wa injini na kutoa taarifa, nacho kitategemea paneli ndogo ya sola, kwa hiyo kila miliwati ina uzito kwangu.

Fundi_wa_Silikoni alijibu:

Transista si duni hata kidogo. Hubadili hali kwa kasi inayoiacha mbali mno seli ya neva, ambayo hata ikijitahidi hurusha mapigo mia chache tu kwa sekunde. Umeme mwingi huishia njiani. Katika kompyuta za kawaida kumbukumbu iko upande mmoja na prosesa upande mwingine, na kila namba inayotakiwa kuzidishwa lazima isafirishwe kwanza, kisha jibu lirudishwe. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha, kwa teknolojia ya nanomita 45, kwamba kujumlisha namba mbili za desimali za biti 32 hugharimu takriban pikojouli moja (sehemu moja ya trilioni ya jouli), ilhali kuisoma namba moja ya aina hiyo kutoka DRAM, yaani kumbukumbu iliyo nje ya chipu, hugharimu mara mia kadhaa ya kiasi hicho. Mfumo wa lugha wenye mabilioni ya vigezo, yaani namba unazojifunza, unalipa gharama hiyo ya usafiri mfululizo, kutwa kucha.

Katika ubongo, sinapsi, yaani kiungo kati ya nyuroni mbili, ndiyo inayohifadhi uzito (nguvu) wa muunganiko na ndiyo hiyo hiyo inayoutumia. Carver Mead wa chuo cha Caltech, Marekani, alilifanyia kazi wazo hilo tangu miaka ya 1980, na mwanafunzi wake Kwabena Boahen, mzaliwa wa Ghana, baadaye akajenga Neurogrid huko Stanford: bodi ya chipu 16 inayoiga nyuroni milioni moja kwa wati chache tu. Natamani kila mwanafunzi wa elektroniki barani mwetu alijue jina hilo.

Bi_Algoriti alijibu:

Nakubaliana na Fundi, ila naongeza jambo la pili, nalo ni ukimya. Iangalie nyuroni moja ya silikoni: kila pigo linaloifikia kutoka kwa jirani yake huiongezea volteji kidogo, volteji hiyo huvuja polepole, na ikifika kiwango kilichowekwa nyuroni hurusha pigo lake na kuanza upya. Pasipo pigo hakuna hesabu, na pasipo hesabu umeme unaotumika ni mdogo sana. Ndivyo TrueNorth, chipu ya IBM ya mwaka 2014 yenye transista bilioni 5.4 na nyuroni milioni moja, ilivyoweza kufanya kazi kwa takriban miliwati 70.

Hata hivyo, ukimya huo una faida pale tu ambapo data zenyewe ni chache. Mfumo wa lugha hauna muda wa kunyamaza. Karibu kila tabaka la mtandao wake lina kazi kila wakati. Tena kuna ugumu wa kuzifunza nyuroni za mapigo: pigo ama lipo ama halipo, na mruko wa namna hiyo hauna mteremko ambao hesabu za kawaida za kusahihisha makosa zinaweza kuufuata, hivyo watafiti huweka mahali pake mteremko laini wa kukadiria wakati wa mafunzo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko kwenye silikoni. Si ajabu kwamba NorthPole, ambayo IBM iliitangaza mwaka 2023, iliacha mapigo kabisa na kubaki na somo la kwanza, yaani kumbukumbu kukaa ndani ya chipu pamoja na hesabu. Katika jaribio la kutambua picha kwa mtandao uitwao ResNet-50, ilizidi GPU ya teknolojia ya nanomita 12 kama yake kwa takriban mara 25 katika idadi ya picha kwa kila jouli.

Mwanafunzi_Saketi alijibu:

Nawashukuru sana, Bi na Fundi. Basi kwa msitu, ambao kwa saa nyingi hauna mlio wa msumeno, njia ya mapigo inafaa?

Bi_Algoriti alijibu:

Inafaa, mwanangu, lakini usiichukulie hivyo kabla ya kupima. Tengeneza kwanza mtandao mdogo wa kawaida kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) inayolala hadi sauti ivuke kiwango fulani, kisha ulinganishe na mtandao wa mapigo kwa kigezo kimoja: jouli kwa kila uamuzi sahihi, ukihesabu pia umeme wa maikrofoni na wa redio ya kutuma taarifa. Huenda redio peke yake ikala zaidi ya chipu.