Kushusha tamthilia za mama usiku wakati umeme haueleweki: naomba msaada

MwanaKatuba

Jambo yenu, ndugu zangu. Niko Lubumbashi, Katuba. Mama aliuza ndakala, samaki wadogo wakavu, soko la Kenya hapa hapa mjini, miaka mingi, sasa miguu imekataa na anashinda nyumbani. Furaha yake ni tamthilia moja ya Kiswahili. Wenyewe wanaiweka bure kwenye tovuti yao, na wameandika wazi kwamba unaweza kuishusha ukaangalie nyumbani.

Kuiangalia mtandaoni mchana hatuwezi, mega (data za intaneti) ni ghali na picha inakwama kila dakika. Nanunua mega za usiku, zinaanza saa sita usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri. Nimeweka Linux kwenye kompyuta ya mezani, juu yake yt-dlp, programu ya kushusha video, na mstari mmoja wa cron, kile kinachoanzisha kazi kwa saa uliyopanga, ianze kila siku saa 00:15.

Umeme unaniangusha. Unakatika jioni, unarudi saa nane au saa tisa usiku, na hapo 00:15 imeshapita na kompyuta yenyewe imebaki imezimika. Tena, nikifuta vipindi ambavyo mama ameshaviona ili nipate nafasi, inavishusha upya. Juzi nimeamka nimekuta vya zamani 12 vimerudi, kipya hakuna.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Jumapili. Nilimwekea kipindi, picha safi kabisa, sauti hakuna. Mama hakulalamika, aliangalia mpaka mwisho akifuata midomo ya watu. Kisha akaniambia: «Yule dada analia, ila sikujua analilia nini.»

Na mega za mchana zinapungua hata siku ambazo sigusi modemu. Sielewi zinaenda wapi.

FundiKamalondo

Pole kwa mama. Tuanze na sauti. Tovuti nyingi zinatoa picha peke yake na sauti peke yake, na yt-dlp inahitaji programu ya ffmpeg ili iziunganishe. Wewe huna ffmpeg. Angalia ndani ya folda, utakuta faili mbili za kipindi kilekile, moja .mp4, nyingine .m4a. Usizifute! Weka ffmpeg, halafu:

ffmpeg -i picha.mp4 -i sauti.m4a -c copy kipindi.mp4

Ni sekunde chache tu, na huli hata mega moja.

Kuhusu vya zamani kurudi, ongeza --download-archive vimeshuka.txt. Hiyo ni daftari: kila kipindi kinachokamilika kinaandikwa humo, na hata ukifuta faili hakiguswi tena. Kwa vile 12 ambavyo mama ameshaviona, endesha amri mara moja kwa vipindi hivyo ukiweka -s pamoja na --force-write-archive, vitaandikwa kwenye daftari bila kushushwa. Weka pia -S res:480, ili picha isiwe kubwa kupita 480. Kwa televisheni ndogo inatosha kabisa.

DadaRuashi

Kaka, mimi nimepambana na umeme huu miaka miwili, nikwambie nilichojifunza. Acha kuipa kompyuta saa moja tu ya kuanza. Ipe saa nyingi za kujaribu:

*/15 0-4 * * * flock -n /tmp/tv.lock /home/wewe/shusha.sh

Kila robo saa, kuanzia 00:00 mpaka 04:45, inagonga mlango. Ile flock inazuia kazi ya pili isianze wakati ya kwanza bado inaendelea. Umeme ukirudi saa nane na dakika tano, saa nane na robo imeshaanza. Kipindi kilichokatika katikati kinabaki na mkia wa .part, na yt-dlp kwa kawaida inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo usizifute .part hata zikikuudhi.

Kuna watakaokwambia utumie systemd, njia nyingine ya Linux ya kupanga kazi, na Persistent=true. Kwangu ilinitia hasara: umeme ulirudi saa moja asubuhi, ikakumbuka kazi ya usiku na kuanza palepale, kwa mega za mchana. Weka mstari mwingine wa kusimamisha kila kitu saa 04:55.

Na ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla Linux haijawaka, utafute sehemu ya kuchagua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Chagua ijiwashe yenyewe. Bila hiyo, haya yote ni bure.

MzeeNguba

Mwanangu, mimi niko Bukavu. Mega zako za mchana zinanitia shaka. Andika timedatectl, amri ya kuonyesha saa na eneo, utuambie inasema uko wapi.

MwanaKatuba

Inasema Africa/Kinshasa, mzee. Saa ya kompyuta iko nyuma kidogo, nilidhani ile betri ndogo ya ndani imechoka.

MzeeNguba

Ndiyo hiyo. Kinshasa ni UTC+1, wewe na sisi wa Kivu ni UTC+2, yaani saa moja mbele ya Kinshasa. Kazi yako ya 00:15 kwako inaanza 01:15, na kompyuta ikiona saa kumi alfajiri, kwako ni saa kumi na moja, mega za usiku zinakufa. Kila siku yenye kazi ndefu, kinachobaki unakilipa kwa bei ya mchana.

sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Fanya hivyo kabla ya mistari ya dada wa Ruashi, halafu uanzishe cron upya, la sivyo 04:55 yake itafika kwako 05:55.

MwanaKatuba

Narudi baada ya siku nne. Nimefanya yote, saa kwanza kama mzee alivyosema. Usiku wa kwanza umeme ulirudi karibu saa tisa, kompyuta ikajiwasha, asubuhi nikakuta kipindi kimoja kizima na kimoja .part. Usiku wa pili ile .part ikamalizika. Mega za mchana hazijapungua.

Kile cha Jumapili nimekiunganisha, nikamwekea mama tena. Alipofika pale dada analia alinyanyua mkono tunyamaze wote, hata watoto. Dada alikuwa anamlilia kaka yake aliyeondoka bila kuaga. Mama akasema: «Nilijua si mpenzi.»

Dada Ruashi, swali moja: kwako modemu nayo inarudi yenyewe umeme ukirudi? Yangu inataka kubonyezwa, na usiku ule wa pili ni bahati tu kwamba nilikuwa macho.

DadaRuashi

Yangu inarudi. Yako itoe kwenye umeme wa ukuta, uiweke kwenye paawabanki inayoweza kuchajiwa huku inatoa. Modemu ndogo inakula kidogo sana, usiku kucha itakaa. Msalimie mama.