Nimekwama: jamii ndogo ina haki ya kuamua nani ni mtu wake?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu uraia katika dola yenye tamaduni nyingi. Mwanafalsafa wa siasa Will Kymlicka, katika kitabu chake cha 1995, anatetea haki ya jamii ndogo kujikinga dhidi ya maamuzi ya walio wengi, lakini haungi mkono jamii hiyo kuwabana watu wake yenyewe. Nashindwa kuona mpaka huo unapita wapi. Naombeni mwongozo.

Mzee wa Hoja: Msome mwanafalsafa Brian Barry, kitabu chake cha mwaka 2001: usawa maana yake ni sheria moja kwa raia wote. Nami nilishika msimamo huo katika tasnifu yangu, na msimamizi aliyeamini kinyume alinirudishia kazi mara tatu kabla ya kuipitisha.

Bi Sheria: Mwanagenzi, mpaka huonekana kwenye mfano. Mbona wako hukuutaja?

Mwanagenzi: Kwetu, mwanamume akioa nje, watoto wake ni wa jamii, mwanamke akiolewa nje, wanawe si wa jamii. Dada yangu ameolewa nje. Sura inayotetea kanuni hiyo nimeshaipeleka kwa msimamizi, kwa sababu naamini kwamba jamii isiyoamua nani ni mtu wake itamezwa.

Mchunguzi: Tusidanganyike. Hiki ni kisa cha Julia Martinez, mwanamke aliyeishtaki jamii yake ya Santa Clara Pueblo, ya wenyeji wa asili wa Marekani, kilichoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1978. Kanuni ni ileile. Kilichoongezwa ni dada tu.

Mwanagenzi: Kufanana huko ndiko kulikonifanya niichague mada. Tena Mahakama haikusema kanuni ile ni ya haki, bali kwamba mashauri ya namna hiyo ni ya vyombo vya jamii yenyewe.

Bi Sheria: Awe wa kweli au wa kubuni, dada huyo hamo katika hoja yako. Mwanafalsafa mtetezi wa wanawake, Susan Moller Okin, alikwisha kuonya kwamba wanaojitokeza kuisemea jamii kwa kawaida ni wanaume wenye umri mkubwa. Ukisema "jamii iamue", nani ameketi kuamua?

Mwanagenzi: Asiyeridhika anaweza kuondoka. Mwananadharia wa siasa Chandran Kukathas anaona uhuru huo ndio kinga ya msingi ya mtu.

Bi Sheria: Mama ataondoka. Wanawe wataondokaje mahali ambapo hawakuwahi kuingizwa?

Mwanagenzi: Hilo halimo katika sura. Dada hajaisoma bado. Nitampelekea kesho, kabla msimamizi hajanijibu.